Wagonga Kioo wa Birch Narrows

Benchi lenyewe ni la mbao, refu, limepakwa rangi ya kijani juu ya kijani mpaka vichwa vya misumari vimezama. Liko ghorofani, katika ukumbi wa uwanja wa barafu wa chuo, mbele ya dirisha pana la kioo linalotazama chini uwanjani. Mji wa Birch Narrows ukishaganda, wazee huja hapa asubuhi kutembea, kwa sababu nje barabara ni utelezi mtupu na nyonga haziuzwi dukani. Huzunguka ukumbi mpaka miguu ipate moto, kisha huketi, humimina kahawa, na kuwatazama wasichana wa chuo wakifanya mazoezi ya mpira wa magongo. Asubuhi hiyo ya Aprili ziwa lilikuwa bado limeganda, ila kandokando lilikuwa limeanza kuwa jeusi, na kwenye maegesho theluji ilikuwa imebaki marundo machafu. Wanne wa siku zote walikuwa wameshafika. Chini, wasichana walikuwa wakijifua wenyewe, maana kocha hawakuwa naye.

Kocha Dale Renfrew alikuwa ameondolewa wiki mbili nyuma, baada ya miaka tisa na vikombe vitatu. Chuo kilitoa tangazo la mistari michache: kinamshukuru, kinamtakia heri. Basi. Sababu haikutajwa, na katika mji ambao jirani anajua umekula nini kabla hujanawa mikono, jambo lisilo na sababu haliachwi hivi hivi.

Verna Lahti alikuwa na haja yake mwenyewe ya kujua. Benchi lilimwita Mama Uzi, kwa kuwa ndiye aliyeshona majina kwenye jezi za timu tangu mumewe akiwa hai. Mjukuu wake Britta, beki wa mwaka wa pili, alikuwa akiishi kwake. Chuo kimoja cha Vermont kilimtaka akachezee huko, na jibu lilihitajika leo. Jana mezani Verna alimwuliza, "Renfrew si ameshaondoka? Sasa unamkimbia nani?" Britta alikata kipande cha samaki, akakitazama, akakirudisha kwenye sahani. "Nitakwambia baada ya mazoezi, bibi." Hapo Verna ndipo alipokwama. Mtu aliyemliza mtoto ameondoka, na mtoto bado anafunga mizigo.

— Mimi leo nina habari kamili, alisema Clem Bouchard, kinyozi mstaafu, ambaye wenzake wa benchini walimwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia.

— Kamili kama ile ya meya kuoa? aliuliza Rudy Zupan.

— Meya alikaribia kuoa. Nisikilizeni. Mnamjua Hoyt, yule tajiri anayeuza boti. Binti yake kakaa nje msimu mzima, barafu kaiona kwa macho tu. Baba mtu kaenda kwa mkuu wa chuo, kamwambia: paa la uwanja linavuja, nitaliezeka mimi, ila yule bwana nisimwone chini ya paa langu.

— Paa halivuji, alisema Rudy.

— Litavuja.

Rudy ndiye Mashine. Kwa miaka mingi aliendesha lile gari linalolainisha barafu, na mpaka leo akihisi injini yake ikitetemesha sakafu huinua sikio, kama mtu aliyesikia mwanawe akilia nyumba ya pili.

— Nyie mnatazama watu, alisema. Tazameni barafu. Renfrew alitaka barafu nyembamba, ngumu kama sahani. Kocha wa wavulana anataka nene. Uwanja mmoja, gari moja. Asubuhi unaambiwa kwangua, jioni unaambiwa mwaga maji. Nimeishi katikati ya wale wawili kama mtoto wa wazazi walioachana. Mmoja lazima angeondoka.

— Mtu afukuzwe kazi kwa unene wa barafu? aliuliza Verna.

— Dada, kuna ndoa zimevunjika kwa kidogo kuliko hicho.

— Yako ilivunjikia nini? aliuliza Redio.

— Yangu haikuvunjika. Iliyeyuka polepole.

Orrin Tveit alikohoa. Huyo ndiye Jaji. Alichezesha mechi za watoto mpaka macho yakamwishia, na wapo wanaosema aliendelea misimu miwili zaidi baada ya hapo.

— Mnapiga kelele bure, alisema. Hili ni jambo la Wakanada.

— Haya, kaanza.

— Timu ina wasichana wanane kutoka Kanada. Nani kawatuma?

— Wazazi wao, alisema Verna.

— Mama Uzi, una moyo mweupe, ndiyo maana kila mwaka unaibiwa kuni. Hawa wanakuja, wanajifunza mchezo wetu, wanarudi nao kwao. Renfrew akagundua. Akawabana. Wakamshtaki kwa wakubwa.

— Mchezo wenyewe si ulitoka kwao? aliuliza Mashine.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka tuamini.

Redio alimwongezea kila mmoja kahawa kutoka kwenye chupa yake kubwa, akasogea mbele kidogo. Verna alijua maana ya kule kusogea. Kubwa lilikuwa linakuja.

— Basi niwaambie nilichokuwa nimekificha. Wanautaka uwanja wenyewe. Kuna makampuni yanatafuta majengo ya kuweka kompyuta. Kompyuta ikipata joto inaugua. Hapa baridi ipo, tena ya kumwaga. Unafanyaje? Unamwondoa kocha. Wasichana wanatawanyika, mmoja Vermont, mmoja sijui wapi. Timu inakufa. Uwanja mtupu. Kompyuta zinaingia.

— Na sisi tutakaa wapi? aliuliza Jaji, safari hii akiwa na hofu ya kweli.

— Benchi watatuachia, alisema Mashine. Tutakuwa tunazitazama.

— Zikifanya nini?

— Vyovyote vile, haziwezi kuruhusu mabao kama yale ya Februari.

Walicheka, hata Verna. Lakini neno Vermont lilikuwa limemgusa, na alipoacha kucheka alikuwa ameshafungua mdomo.

— Labda ni ile dawa, alisema.

Kicheko kilikwisha. Dawa ni jina walilobuni wao wenyewe benchini kwa adhabu ya Renfrew. Timu ikifungwa, kesho yake Renfrew alikusanya vile visahani vyeusi vinavyochezewa, akavifungia, akawapanga wasichana kwenye mstari. Kisha filimbi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, viatu vikikata barafu, bila gongo, bila kisahani, mpaka mmoja atapike kwenye ndoo zilizowekwa pembeni. Na yule wa mwisho alipojikokota kufika mstarini, amejikunja, mikono magotini, benchi zima lilisimama na kugonga kioo. Kwa ngumi, na wenye pete kwa pete. Ndivyo ilivyo Birch Narrows. Mchezaji aliyeumia akiinuka, wenzake hugonga ubao unaozunguka uwanja kwa magongo. Wazee hawana magongo tena, basi hugonga kioo. Baba yake Verna aligongewa alipomaliza mechi na mbavu zimevunjika, na alilisimulia hilo mpaka anakufa.

— Dawa ni dawa, alisema Jaji. Vikombe vitatu havikuja kwa biskuti.

— Mimi nilikunywa kali kuliko hiyo, alisema Redio, na nimekuwa nani?

— Kinyozi, alisema Mashine.

— Kinyozi imara.

— Lakini watoto walikuwa wakitapika, Clem, alisema Verna.

— Na wakimaliza kutapika wanarudi mstarini. Ulisahau? Tukigonga, wanaanza tena. Nilikuwa nasisimka mwili mzima. Unamwona binti kaisha, unamgongea, anainua kichwa, anaenda tena. Walikuwa wanatujibu, Mama Uzi. Wewe mwenyewe ulilia Januari, siku ya Britta.

Ni kweli, alilia. Britta alikuwa ametoka kuumwa mafua makali na siku hiyo alikuwa wa mwisho. Verna alisimama, akagonga mpaka kiganja kikawaka moto. Timu ikapanga mstari upya. Britta naye akaenda, akiyumba, na Verna aliona fahari ambayo hakuwahi kuiona tangu siku ya ubatizo wa mtoto huyo.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotokea upande wa ngazi. Alikuwa wa makamo, koti la kawaida, viatu vimelowa tope la maegesho. Aliwasalimu, akauliza kama kuna nafasi.

— Ipo, alisema Redio, akisogea. Kahawa je?

— Nikipewa sikatai.

— Umetoka wapi, mama?

— Michigan. Naitwa Tess Okerlund.

— Umekuja kununua nyumba au kuzika mtu? aliuliza Mashine. Maana Aprili hapa hawaji wengine.

— Nimekuja kutazama barafu.

Hilo liliwapendeza. Wakampa nafasi ya katikati, na kabla kikombe hakijafika nusu alikuwa ameshasikia habari za paa lisilovuja, unene wa barafu, Wakanada wanane na kompyuta zenye homa. Alisikiliza zote. Hakucheka mahali pabaya. Mara moja tu aliuliza, wakati wa kompyuta:

— Na umeme wa kuziendesha?

— Hilo bado nalichunguza, alisema Redio.

Verna alimtazama mikono. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda kwenye kifundo, kilema cha watu waliopigwa gongo na hawakwenda hospitali. Huyu alicheza, alijiambia.

— Samahani, alisema Tess Okerlund. Ninyi ndio mnaogonga kioo?

Jaji alijinyoosha.

— Ndio sisi. Umesikia habari zetu mpaka Michigan?

— Nimezisikia hapa hapa. Jana.

— Wasichana wamekwambia?

— Wameniambia. Mimi ni mmoja wa watatu walioitwa kuhojiwa kwa kazi ya Renfrew. Jana nikaomba nikae na timu peke yetu, bila mtu wa ofisini. Nikawauliza, nikipewa kazi, kitu cha kwanza kubadilisha kiwe kipi. Nilifikiri watasema saa za mazoezi. Au chakula cha safari, kila timu inalia chakula cha safari.

— Wakasema? aliuliza Verna.

— Wakasema niweke pazia kwenye kioo hiki.

Walikigeukia kioo. Kisha wakasema wote pamoja.

— Pazia?

— Sisi tumewakosea nini?

— Tuko hapa zaidi ya baba zao, alisema Jaji. Wakishinda tupo, wakifungwa tupo. Nani mwingine anakuja saa hizi na baridi hii?

— Ni wale Wakanada, alisema Redio, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu ufunguo ambao anajua si wa mlango huu.

— Ngojeni, alisema Verna. Mwacheni aseme. Kwa nini pazia?

Tess Okerlund alizungusha kikombe mikononi.

— Chini kule sauti zenu hazifiki, alisema. Nimejaribu mwenyewe. Unaona watu wamekaa na midomo inachezacheza. Kinachofika ni kugonga tu, na kunafika kwa nguvu, kama mtu anapiga mlango. Wasichana wengi wametoka mbali. Kwao hawagongi kioo. Walimwuliza Renfrew wale wazee wanataka nini. Akawaambia, wanataka mara moja zaidi.

— Mara moja zaidi nini? aliuliza Mashine.

— Mzunguko. Mkigonga, alikuwa akiwapanga mstarini tena. Alikuwa anawaambia, mnasikia? Mji haujatosheka.

Chini, msichana mmoja alipiga kisahani kikagonga ubao, na ukumbini hakikusikika hata kidogo.

— Si kweli, alisema Redio. Sisi tulikuwa tunawapa heshima.

— Naamini.

— Kila mtu anajua maana yake.

— Kila mtu wa hapa, alisema Tess.

— Lakini wa hapa wapo, alisema Mashine taratibu. Britta wa hapa. Britta anajua. Si angewaambia?

Wote wakamgeukia Verna. Mawazo yake yalikuwa yamerudi Januari. Alijiona amesimama pale pale, anagonga, na chini mtoto anainua kichwa kutazama juu. Miezi yote hii alidhani ule ulikuwa uso wa shukrani.

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

— Hata hivyo, alisema, mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo lililokuwa likisemwa mahali asiposikia. Kisheria.

— Sikuja kumlaumu mtu, mzee wangu, alisema Tess Okerlund. Pengine kazi yenyewe sitapewa. Ila nikipewa nitakuwa hapa miaka, na ninyi pia mtakuwa hapa, Mungu akipenda. Ndiyo maana nataka kuelewa. Mliona ndoo. Mliona wanatapika. Mlikuwa mnajiuliza, hata leo mmejiuliza asubuhi nzima. Na ngazi zile pale.

Alizionyesha kwa kidole chake kilichopinda, bila ukali, kama anayeuliza njia ya kwenda posta.

— Kwa nini hakuna aliyewahi kushuka?

Redio alifungua mdomo. Verna alimfahamu tangu shule ya msingi na hakuwahi kuona mdomo ule ukifunguka na kufungwa mtupu. Mashine alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa chini miaka yote ya kazi, analijua kila bomba. Siku aliyostaafu alipanda juu, na huko akabaki. Jaji alisema, "Wahenga—" akaishia hapo.

Verna aliweka kikombe sakafuni, akainuka.

— Mama Uzi, unakwenda wapi? Kahawa ipo, alisema Redio.

Verna alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Alishika reli, akateremka, mguu mbaya kwanza, kama daktari alivyomfundisha. Mlango wa chini ulikuwa mzito, wa chuma, na alilazimika kuusukuma kwa bega.

Sauti ndiyo iliyompokea kabla ya baridi. Hakuwa amejua kwamba kuna makelele namna ile. Viatu vilikwaruza, magongo yalidunda, kipa alikuwa akiwafokea mabeki wake maneno ambayo Verna asingeyashona kwenye jezi. Mtu alikosa pasi, wenzake wakamzomea, naye akawajibu, wakacheka. Miaka yote hii aliwatazama wakicheza kama samaki walio chini ya barafu.

Britta alimwona, akaja mbio, akasimama ubaoni barafu ikimrukia.

— Bibi. Kuna nini? Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa.

— Sasa mbona umekuja huku?

— Nimekuja kusikia.

Britta alivua kofia ngumu. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso. Alimtazama bibi yake, kisha akainua macho juu, kwenye dirisha, akaona nani mwingine yuko pale.

— Kakwambieni, alisema.

— Katwambia. Britta, wewe unajua maana ya kugonga. Ulikulia nayo.

— Najua. Niliwaambia wenzangu mara ya kwanza. Nikawaambia ni heshima. Wakaniambia basi mwambie bibi yako apunguze heshima, tunakufa.

— Mbona hukuniambia mimi?

Britta alichokora ubao kwa ncha ya gongo.

— Januari nilikuwa nimeinama pale, alisema. Masikio yanavuma. Nikasikia kioo. Pete yako naijua mlio wake, bibi, tangu mdogo, unavyogonga sufuria. Nikasema yule anaona. Yule ataacha. Ukaongeza.

 Verna alitoa mkono kwenye glavu akaupitisha juu ya ubao, akazisogeza zile nywele zilizoganda zikatoka machoni mwa mtoto. Britta hakuukwepa mkono.

— Nilikuona, alisema Verna. Sikujua ninachokiona.

Kipa akaita kutoka langoni: — Lahti, unacheza au unanyonya?

— Nakuja, alijibu Britta, bila kugeuka. Kisha kwa sauti ya chini: — Vermont nitawapigia mchana.

— Utawaambia nini?

— Jana nilikuwa najua.

Alivaa kofia. Akasukuma kidogo, akarudi.

— Usisimame hapo, kisahani kinaruka. Kaa kule kwenye benchi letu, karibu na chupa za maji. Na usigonge kitu.

Verna alikwenda akaketi kwenye benchi la wachezaji, lililokuwa baridi kama mlango wa friji, akaficha mikono makwapani. Kipa alimpungia gongo. Msichana mmoja, mmoja wa wale wanane, alipita karibu akamwuliza kama yeye ndiye mwenye kushona majina, kwa sababu lake lilikuwa na herufi moja imeanza kubanduka.

— Lete jezi nyumbani, alisema Verna. Njoo na njaa.

Baadaye aliinua macho. Dirishani walikuwa watatu wamesimama, pua karibu ziguse kioo, na yule mgeni nyuma yao na kikombe chake. Midomo yao ilikuwa ikienda. Redio alikuwa akirusha mikono. Labda alikuwa anabisha, labda alikuwa anamwita arudi. Kisha Mashine akatoka dirishani, na Verna akamwona akielekea upande wa ngazi, akasimama, akashika reli.